Chumba cha Elfu Tisa: Pamba Nyumba Yako Bila Kuumiza Mfuko

Januari mwaka jana nilihamia bedsita yangu ya kwanza hapa Ukunda, nyuma kidogo ya barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga. Kusema ukweli, nilikuwa na godoro, sufuria mbili, ndoo, na simu iliyojaa picha za vyumba vya watu wengine. Kila nikilala naangalia picha. Sofa la kijivu, zulia la manyoya, taa inayoning'inia. Nikiinua macho naona ukuta wenye alama za mikono ya mpangaji aliyenitangulia.

Wiki ya pili nikaona tangazo mtandaoni. Seti ya sofa, shilingi 18,000, "tunaleta mpaka mlangoni Diani na Ukunda, lipa arubuni ya 4,000 tu." Nikaandika, nikajibiwa palepale. Kijana ana maneno matamu, ananiita dada. Nikaingia kwenye simu kutuma. Kabla ya kukamilisha, jina la mpokeaji likatokea. Halikuwa jina la duka, wala la yule kijana. Nikamuuliza. Akajibu haraka: "Hiyo ni laini ya mhasibu wetu, dada, usijali."

Nikatuma.

Sofa halijafika mpaka leo, na ile namba ilizimwa jioni hiyo hiyo. Kinachoniuma zaidi si pesa. Ni kwamba kazi yangu ya kila siku ni kuwaeleza wateja wasifanye kile nilichokifanya. Sheria nilizijua zote. Ila nilikuwa na haraka. Wenzangu wa kazini walikuwa wameanza kuuliza, "Tunakuja lini kuona kwako?" nami niliona aibu kuwakalisha sakafuni.

Makala haya ni ya yeyote aliye na chumba kitupu na mfuko mwepesi. Nitakuonyesha nilivyopamba chumba kizima kwa shilingi zisizofika 9,000, kwa siku 90, na karibu kila kitu kikiwa kimetengenezwa hapa hapa Kwale. Nitakuonyesha pia pesa zinavyopotea njiani, maana watu wengi hawashindwi na bei ya vitu. Wanashindwa na haraka, ada ndogo ndogo na arubuni.

Shangazi na somo la mkeka

Mwezi wa Februari shangazi yangu alipanda matatu kutoka Msambweni kuja kunitembelea. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." Akazungusha macho chumba kizima, kisha akaketi kwenye godoro akacheka.

"Mwanangu, nyumba haianzi na kochi. Nyumba inaanza na ufagio, kisha mkeka. Kochi ni mgeni, litakuja siku yake."

Nikamweleza habari ya ile 4,000. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo pesa ungeiweka hapa chumbani ukaitawanya kidogo kidogo, ingefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo: ingefanya karibu nusu ya chumba ninachokaa sasa.

Kwanza hesabu, duka baadaye

Kosa la wengi ni kuanza na kitu kimoja kikubwa. Unanunua sofa kwa mkopo, halafu huna pesa ya rangi, pazia wala taa. Sofa zuri kwenye chumba kichafu chenye mwanga mbaya haliwezi kupendeza.

Mimi nilifanya hivi:

1. Niliandika orodha kwa mpangilio wa macho. Mgeni akifungua mlango anaona nini kwanza? Ukuta, kisha sakafu, kisha dirisha. Vitu vinavyokaa juu ya meza ni vya mwisho.
2. Nilijiwekea kiwango cha siku. Shilingi 100 kila siku kwa siku 90 ni 9,000. Soda moja na mahamri mawili, basi.
3. Niliitenga hiyo pesa. Pesa ya chumba ikikaa pamoja na pesa ya kula, italiwa. Iweke kwenye akiba ya simu, kama vile M-Shwari kwa watumiaji wa M-Pesa, au sehemu nyingine ambayo huigusi ukiwa na njaa. Ukijijua huna subira, chagua ile akiba inayofungwa mpaka tarehe uliyopanga.

Na tafadhali, usipambe nyumba kwa Fuliza. Fuliza ni ya kukuokoa ukipungukiwa nauli au dawa, na ada yake huongezeka kadiri siku zinavyopita. Pazia linaweza kusubiri Ijumaa ijayo.

Ukuta: rangi nyeupe

Ukitaka kujua kwa nini chumba chako kinaonekana kidogo, angalia ukuta. Wazee wetu wa Pwani walilijua hili zamani. Nenda Mji wa Kale wa Lamu, ambao uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake za zamani ni za mawe ya matumbawe, zimepakwa lipu ya chokaa nyeupe. Ndani kuna zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani vya kuwekea sahani na vyombo vya thamani. Vyumba vile ni vyembamba, lakini weupe wa kuta hurudisha mwanga, na vitu vichache vilivyowekwa vizuri vinaonekana.

Hatuwezi kuchonga zidaka kwenye nyumba ya kupanga, lakini weupe tunao. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, na iwe kwa ujumbe wa simu ili ubaki na ushahidi. Wengine hukubali hata kukukata kidogo kwenye kodi. Kuuliza si ujinga.

Hesabu ya rangi ni rahisi. Pima urefu wa kila ukuta, zidisha kwa kimo chake, jumlisha. Chumba changu ni kama mita 3 kwa 3, kwa hiyo kuta zote nne ukitoa mlango na dirisha ni kama mita 30 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hupaka takriban mita 10 za mraba mkono mmoja. Lita 3 zikanitosha mkono wa kwanza, na ile iliyobaki kwenye debe la lita 4 nikaipaka mara ya pili kwenye ukuta unaotazamana na mlango, ule ambao kila anayeingia anauona.

Kama hata hiyo ni ghali, kuna chokaa. Inachanganywa na maji na chumvi kidogo ili ishike, na bei yake ni nafuu sana. Ila huacha unga kwenye nguo ukiegemea, kwa hiyo itumie kwenye kuta ambazo hakuna anayeegemea, na vaa kitu cha kukinga macho ukiwa unapaka.

Sakafu: mkeka wa milala

Zulia la manyoya kwenye joto la Diani ni adhabu. Linashika mchanga, linashika unyevu, na mvua za masika zikianza linanuka. Mkeka ni wa baridi, unafagilika, unakunjwa.

Mikeka yetu ya Kwale husukwa kwa majani ya milala au ukindu. Majani hukatwa, huanikwa, huchanwa kuwa nyembamba, mengine hutiwa rangi. Kisha husukwa kuwa ukili, ule utepe mrefu, na tepe zile hushonwa moja kando ya nyingine mpaka mkeka unatimia. Mkeka mkubwa ni kazi ya siku nyingi, na mara nyingi ni mama anayeusuka jioni baada ya shamba na jikoni.

Wangu nilimpata kwa mama mmoja jirani ya shangazi, upande wa Milalani, Msambweni. Alisema 1,800, tukaelewana 1,500. Sikumkaza zaidi ya hapo. Ukinunua kwa aliyesuka, pesa yote inabaki kwake, na bado wewe unapata bei ya chini kuliko ile ya vibanda vya watalii kando ya ufuo.

Mambo matatu ya kuutunza: uviringishe, usiukunje kwa mistari, maana ukili huvunjika. Uanike juani mara moja kwa wiki kuua ukungu. Na ukimwagikiwa chai, futa mara moja kwa kitambaa kibichi, usisubiri kesho.

Leso: rangi ya chumba chako

Sasa tuje kwa leso, maana hapa ndipo chumba kilipoanza kuwa changu.

Inasimuliwa kwamba neno leso lilitokana na jina la Kireno la kitambaa cha mkono. Wanawake wa Pwani walikuwa wakinunua vitambaa vile na kuvishona pamoja kupata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuleta kipande kizima kilichochapwa. Mjini Mombasa, kwenye Mtaa wa Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887 ndilo lililojulikana kwa leso zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ambao ni katikati, na jina, yaani ule usemi ulioandikwa.

Kwa mpambaji mwenye bajeti ndogo, leso ni zawadi. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa mita moja. Rangi zake ni kali, pindo lake ni fremu iliyokwisha kutengenezwa.

Kipande cha kwanza nilikitundika ukutani kizima, juu ya godoro. Nilishona mkunjo juu, nikapitisha ufito, nikafunga kamba. Mchoro mkubwa wa kutundika bila kununua mchoro.

Cha pili nilikipeleka kwa fundi cherehani. Ukikata leso katika vipande vitatu vya sentimita 50 kwa 100, kila kimoja kinatosha foronya moja ya mto wa sentimita 40, na mgongo unaofunikana bila zipu. Ndani nikatia mabaki ya sponji kutoka kwa wauza magodoro. Ukibahatika kupata usufi, ni bora zaidi kwa joto letu.

Onyo moja: angalia jina liko wapi kabla ya kukata. Mimi sikuangalia. Usemi wangu uligawanyika mara mbili, mto mmoja una mwanzo, mwingine una mwisho.

Dirisha na mbao

Hapa kwetu upepo ni mali. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, na kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka, chumba chenye dirisha wazi hakihitaji feni usiku kucha. Kwa hiyo usiweke pazia zito. Nilinunua mapazia mawili mepesi ya mitumba sokoni Ukunda, siku ambayo muuzaji alikuwa amefungua mzigo mpya. Fika asubuhi, chagua mwenyewe, tazama kitambaa dhidi ya jua uone kama kimetoboka.

Fimbo ya pazia? Acha ile ya chuma. Upepo wa bahari una chumvi na chuma hushika kutu mapema. Nilinunua ufito mnyoofu wa mvinje, mti unaopandwa mashambani kote Pwani. Niliukwangua gome, nikauacha ukauke vizuri, nikausugua kwa msasa. Ufito uliokatwa mbichi hupinda na huvutia wadudu, kwa hiyo usiwe na pupa.

Meza ndogo nilimpa fundi wa mbao wa kando ya barabara. Nilikwenda na vipimo na picha moja. Nikaangalia meza nyingine alizokwishatengeneza, nikazitikisa. Tukakubaliana 1,800, nusu mbele na nusu nikiiona imekamilika.

Na kama unafanya kazi Diani au una rafiki anayefanya kazi hotelini, weka masikio wazi kuanzia Aprili hadi Juni. Huo ndio msimu wa mvua, wageni ni wachache, na hoteli huutumia kukarabati. Viti, vioo na taa za zamani wakati mwingine huuzwa kwa wafanyakazi au kwa wachuuzi kwa bei ya kutupa.

Taa, harufu na kijani

Balbu moja nyeupe kali katikati ya dari hufanya chumba kionekane kama ofisi ya chifu. Weka balbu ya LED ya wati 5 yenye mwanga wa manjano, na juu yake kofia ya kikapu kidogo kilichogeuzwa. Mwanga hupita kwenye matundu ya ususi na kuchora ukutani. Tumia LED tu, kwa sababu balbu za zamani hupata moto sana na zinaweza kuunguza kikapu. Hakikisha balbu haigusi ususi, na mwachie fundi wa umeme kazi ya nyaya.

Kijani ni bure. Omba jirani kipandikizi cha shubiri, au tawi la mrehani. Kifuu kikubwa kilichotobolewa chini kinatosha kuwa chungu cha mmea mdogo. Na usisahau pua: nyumba ya Pwani hupambwa pia kwa harufu. Asumini chache kwenye kisahani, au udi kidogo kwenye chetezo jioni, na mgeni atasahau kwamba huna sofa.

Vitu vya kuviacha baharini

Najua inashawishi. Unatembea ufukweni Diani, unaona kombe zuri, unasema hili litakaa vizuri juu ya meza. Liache. Kipande kikubwa cha bahari yetu kiko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Diani–Chale, na kombe tupu ndilo nyumba ya kaa anayehamahama. Magamba ya kasa ndiyo usiyaguse kabisa. Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na adhabu yake si ya mchezo.

Vivyo hivyo boriti za mikoko. Pale Gazi, wanakijiji wanalinda mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja na kuuza hewa ya ukaa, na akina mama wana daraja lao la mbao la kutembeza wageni ndani ya msitu. Mkoko uliosimama unawalipa. Ukitaka mti wa pazia au wa kutundikia nguo, mvinje unatosha.

Hesabu yangu yote

Hizi ni bei nilizolipa mimi. Zako zinaweza kupanda au kushuka kidogo.

- Rangi lita 4 na brashi: 1,650
- Mkeka mkubwa: 1,500
- Leso doti moja: 700
- Kushona foronya 3 pamoja na sponji: 750
- Mapazia 2 ya mitumba: 600
- Ufito wa mvinje, kamba na misumari: 250
- Meza ndogo: 1,800
- Vikapu 2: 500
- Balbu na kofia ya taa: 450
- Udongo, mbolea na vifuu: 200
- Nauli: 400

Jumla: 8,800. Zilibaki 200 za ada.

Sikununua vyote siku moja. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa ukuta na sakafu. Wa pili, leso, mapazia na ufito. Wa tatu, meza na taa. Kila mwisho wa mwezi chumba kilikuwa kimekamilika kwa kiwango chake, na sikuwa na deni la mtu.

Ada ndogo ndogo zinavyokula chumba chako

Hapa wengi hawahesabu. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza mwaka 2023, kutoa pesa kwa wakala, kiasi chochote kati ya 101 na 2,500, kunatozwa shilingi 29. Sasa ona: ukitoa 500 mara tano kwenda sokoni, umelipa 145. Ukitoa 2,500 mara moja, umelipa 29. Tofauti ni 116. Hiyo ni zaidi ya akiba yako ya siku nzima.

Kwa hiyo:

- Panga manunuzi ya pesa taslimu siku moja, toa mara moja. Ada hubadilika, angalia viwango vya sasa kwenye simu yako kabla ya kutoa.
- Muulize muuzaji kama ana namba ya tili. Duka la rangi na fundi wangu wa mbao walikuwa nazo. Kwa tili ya M-Pesa, mnunuzi hakatwi ada, na jina la biashara linabaki kwenye ujumbe wako.
- Usifute ujumbe wa malipo. Ndio risiti yako. Fundi akisahau umelipa nusu, unamwonyesha tarehe, saa na kiasi.

Mimi nilitoa pesa mara mbili tu, 58. Kumtumia mama wa mkeka 1,500 kulikuwa 23. Jumla ya ada miezi mitatu: shilingi 81.

Kabla hujatuma arubuni

Sasa turudi kwa ile sofa yangu ya hewa. Kama ningefuata mambo haya matano, ningekuwa na 4,000 yangu.

1. Jina likikataa, acha. Jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo ni kwa faida yako. Kama si la biashara wala la mtu mliyeongea, usikamilishe. "Laini ya mhasibu", "laini ya mke wangu", "tili yetu ina shida leo", zote ni hadithi moja.
2. Ona kitu au mtu akuonee. Mwambie muuzaji unakuja, au unamtuma ndugu yako. Mwenye duka la kweli atakupa maelekezo. Tapeli atakupa sababu.
3. Omba picha ya sasa. Mwambie akupige picha ya kitu hicho kikiwa na karatasi yenye jina lako. Anayeuza picha za mtandaoni hawezi.
4. Arubuni iwe kwa fundi unayejua anapokaa. Kilichokwisha kutengenezwa, lipa ukikipokea.
5. Haraka ya muuzaji ni dalili. "Zimebaki mbili, kuna mteja mwingine anatuma sasa hivi." Mwache atume.

Na ikishatokea? Kama ulikosea namba tu kwenye M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, usingoje hata dakika kumi. Lakini elewa: mpokeaji akishazitoa pesa, hakuna anayeweza kukuhakikishia zitarudi. Kama ni utapeli, peleka ujumbe wa tapeli kwa 333 kama uko Safaricom, pigia huduma kwa wateja, na uende kituo cha polisi uandikishe. Usione aibu. Mimi niliona aibu, nikakaa siku nne kabla ya kusema, na hizo siku nne zilikuwa zake za kutafuta mwingine.

Na siri yako ya PIN ni yako. Hakuna mhudumu wa kweli, wetu au wa kampuni nyingine, atakayekupigia kukuuliza.

Shangazi arudi

Mwezi wa Mei shangazi alikuja tena. Safari hii alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye mkeka, akaegemea mto. Kimya kidogo. Akachukua mto wa kwanza, akasoma. Akachukua wa pili, akasoma. Akaniangalia.

"Mwanangu, leso yako imekatwa ulimi."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Jumamosi iliyofuata wenzangu wa kazini walikuja, sita kwa jumla, wakakaa chini wote na sahani zao za pilau. Hakuna aliyeuliza sofa liko wapi. Mmoja aliuliza mkeka nimeutoa wapi, na yule mama wa Milalani akapata mteja mwingine.

Wewe nawe anza leo. Kabla hujalala, simama mlangoni mwa chumba chako kama mgeni, andika vitu vitatu unavyoviona kwanza, kisha weka shilingi 100 ya kwanza kwenye akiba. Kesho nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, na chumba pia.